Maswali ya Wasomaji: Sweta la Juni Lianzwe Lini?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkulima wa viazi mviringo huku Isyonje, mkoani Mbeya, na nina watoto watatu. Katika mitumba nilipata kijitabu cha ufumaji cha Uingereza, nacho kinashauri kazi mpya zianzwe mwezi Machi, majira ya kuchipua, kwa nyuzi nyepesi za pamba. Nilifuata ushauri huo nikitumia spoki za baiskeli. Nilimaliza Julai, baridi ikiwa imeshatutesa, na sweta likatoka gumu kama gunia, tena halimwenei mwanangu wa miaka saba. Skafu niliyoianza pamoja nalo imelala kabatini. Je, nianze kazi nyingine sasa Septemba, au nisubiri?
Msomaji, Isyonje

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza sasa. Kijitabu hicho kiliandikwa kwa watu ambao mwezi Machi wanatoka kwenye baridi, ndiyo maana kinawaelekeza kwenye pamba nyepesi, ilhali kwetu Machi mvua zinaendelea na baridi ya Juni na Julai bado iko mbele. Majira yetu ya kuchipua ni haya tuliyo nayo: ukishuka upande wa Chunya utaona miombo ikitoa majani mekundu kabla hata tone moja la mvua halijaanguka. Mavuno ya mahindi yameshaingia ndani, na mvua za mwishoni mwa Novemba hazijakuita shambani kwa jembe. Hizo ndizo jioni za kufuma.

Ugumu wa sweta lako ulitokana na spoki. Spoki ina unene wa milimita 2 hivi, na uzi wa kawaida wa sweta unataka sindano ya milimita 4 au zaidi kidogo; ukiulazimisha kwenye spoki, vitanzi vinabanana na kitambaa kinakosa nafasi ya kuhifadhi hewa yenye joto. Usipopata sindano dukani, chonga mbili za mwanzi na uzisugue kwa msasa mpaka uzi uteleze bila kunasa.

Kuhusu udogo, nakusihi usianze sweta lolote kabla ya kufuma kipande cha majaribio chenye upande wa sentimita 15 hivi. Kifue, kikauke, kisha uhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10 za katikati. Tuseme umepata 20, na kifua cha mtoto kina sentimita 60. Ongeza sentimita 8, kwa sababu sweta linavaliwa juu ya shati na kwa sababu kutoka sasa hadi Juni ni miezi tisa, na mtoto wa miaka saba hakai kipimo kimoja muda wote huo. Sentimita 68 ni vitanzi 136, yaani 68 mbele na 68 nyuma, kisha kimoja kila pembeni kwa ajili ya kuunganisha, hivyo utaanzisha 70.

Uzi mpya ni ghali, kwa hiyo rudi kwenye mitumba utafute sweta kubwa la sufu. Kwanza ligeuze nje ndani utazame mishono ya ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa na kuzungushiwa nyuzi za ovaloki, liache, kwani litakupa vipande vifupifupi tu. Kama kila kipande kimefumwa kwa umbo lake, basi uzi wake ni mrefu. Ili kujua kama ni sufu kweli, omba ukatiwe uzi kidogo ndani ya mshono na uuchome: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika vidoleni, lakini uzi wa plastiki huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Nyumbani, fumua mishono, kisha uanzie shingoni, maana masweta mengi hufumwa kutoka chini kwenda juu na hufumuka vizuri kwa kurudi nyuma. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usije ukatatana, uloweke katika maji ya uvuguvugu na uuanike kivulini ukiwa na uzito mdogo chini yake. Ule mkunjo wa vitanzi vya zamani utanyooka wenyewe.

Anza na mkono, usianze na mgongo. Mkono ni kipande kidogo, unaingia katika mfuko wa nguo na unakwenda nawe hadi kwenye foleni ya zahanati, na ukikosea, unafumua kidogo tu. Fuma mikono yote miwili na mgongo kabla mvua hazijashika, ukiiweka kazi mbali na moshi wa jikoni kwa kuwa sufu hushika harufu haraka. Wakati wa palizi iache bila wasiwasi wowote, ila kabla hujaifunga andika kwenye karatasi idadi ya vitanzi na mstari uliofikia, uikunje humo humo mfukoni. Sehemu ya mbele itakungoja hadi Februari.

Ile skafu ya kabatini ifumue. Kama unene wa uzi wake unalingana na wa sufu utakayopata, utatosha kwa shingo na mapindo ya mikono.