Jibu: South Carolina ilishindaje mechi zote 38?

Habari, ndugu. Umeuliza iliwezekanaje wasichana wa Chuo Kikuu cha South Carolina kutwaa ubingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka 2024 bila kupoteza mechi, ilhali kikosi chote cha kwanza cha msimu uliotangulia kilikuwa kimeondoka. Ukiirudia fainali yao na Chuo Kikuu cha Iowa, anza na benchi: wachezaji wa akiba wa kocha wa South Carolina, Dawn Staley, walifunga pointi 37, wa Iowa hawakupata hata moja. Caitlin Clark, nyota wa Iowa, alifunga 18 katika robo ya kwanza, kisha Raven Johnson wa South Carolina akamganda, huku mwenzake Kamilla Cardoso akinyakua ribaundi 17 (mipira inayodunda baada ya kukosa kikapu), na mchezo ukaisha 87 kwa 75. Mimi humtazama zaidi Tessa Johnson, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliyeingia kutoka benchi akafunga 19.