Dalali anayeitwa Mwaminifu: ni majazi, kejeli au kinaya?

SWALI: Mtaani kwetu kuna dalali wa viwanja ambaye kila mtu anamwita Mwaminifu. Mwaka jana aliuza kiwanja kimoja kwa watu watatu, na jina bado analo. Mwanangu wa kidato cha tatu anasema hayo ni majazi. Mimi nasema ni kejeli. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Majazi sivyo. Majazi ni jina linalosadifu tabia ya mwenye nalo. Bahili akiitwa Mkono wa Birika, jina na mtu vimeshikana. Hapa vimepishana, kwa hiyo mwanao tumwondoe kwanza. Lakini na wewe siwezi kukupa ushindi kabla sijauliza: nani alimpa jina hilo, na lini?

Kama wanamtaa walimbandika baada ya kisa cha kiwanja, basi ni kejeli, sawa na mtu mnene kuitwa Kimbaumbau. Msemaji anajua, msikilizaji anajua, na jina linachoma kwa sababu wote wanajua. Kama alijipachika mwenyewe ili apate wateja, hiyo ni lakabu tu, tena lakabu ya chambo. Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kuna namna ya tatu, nayo ndiyo inayoniuma zaidi: watu wampe jina kwa moyo safi, kisha yeye aligeuze. Katika jimbo la Kentucky, Marekani, James Tate alichaguliwa kuwa mweka hazina mwaka 1867, akarudishwa madarakani uchaguzi baada ya uchaguzi. Watu walimwita Honest Dick, yaani Dick Mwaminifu, na hawakuwa wakimdhihaki. Machi 1888 aliondoka mjini Frankfort, asirudi tena. Hazina ilipokaguliwa, zilikosekana karibu dola 250,000. Alihukumiwa na kuvuliwa cheo hali hayupo. Hicho ndicho kinaya: tukio limekwenda kinyume na matarajio ambayo jina lenyewe lilikuwa limeyajenga. Tena jina lilimsaidia, maana nani angekuwa na haraka ya kukagua vitabu vya Mwaminifu?

Na neno lenyewe litazame vizuri, kwa sababu lina jambo ambalo wengi hatulioni. Kiambishi -fu au -vu hugeuza kitenzi kuwa sifa: vumilia hutupa mvumilivu, sahau hutupa msahaulifu, danganya hutupa mdanganyifu. Kote huko sifa ni ya mtenda. Mvumilivu ndiye anayevumilia. Mdanganyifu ndiye anayedanganya. Kwa mkondo huo mwaminifu angekuwa mtu anayeamini sana. Lakini anayeamini tunamwita mwamini, au muumini kama ni mambo ya dini. Mwaminifu ni yule anayeaminiwa. Mtu anaweza kuwa mvumilivu peke yake chumbani, mlango umefungwa. Mwaminifu peke yake hawezi, mpaka awepo mwingine aliyemkabidhi kitu. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliotupa pia imani na amana, na amana ni mali ya mwenzako iliyo mikononi mwako. Tate alishika amana ya jimbo zima. Dalali wenu alishika amana ya familia tatu, na naamini mojawapo ilikuwa imeuza ng'ombe au shamba kupata fedha hizo. Ndiyo maana sipendi tuliite jambo hili utani.

Sasa nirudi kwenu wawili. Umeandika kwamba jina bado analo, nami naelewa kuwa alikuwa nalo kabla ya mwaka jana. Ikiwa alipewa na majirani waliomwamini kweli, mwanao aandike kinaya katika mtihani wake, na aeleze kwa nini. Jibu lisilo na maelezo halimfai. Wewe nawe hujakosea kabisa. Sikiliza jinsi anavyoitwa leo pale kituoni. Kama wanaomwita wanavuta silabi ya mwisho na kutazamana, jina lililoanza kama sifa limekwisha kuwa kejeli, na hakuna herufi hata moja iliyobadilika.