Kunenepesha fonti huria kwa kisomaji bila kuharibu ŋ na ng'

Swali lilikuwa hivi: kisomaji (kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki) cha inchi 6 kilichonunuliwa mtumba Kampala, maandishi yanaonekana membamba na ya kijivu, na kwenye vitabu vya Kiganda kila ŋ, yaani herufi ya sauti ya ng', inageuka kiboksi. Ndugu, hayo ni matatizo mawili, ila fonti moja iliyorekebishwa vizuri inayamaliza yote.

Tuanze na ŋ, maana ndiyo inayoamua fonti ya kuanzia. Kuichora mwenyewe kwenye fonti isiyo nayo ni kuichora mara nne: ya kawaida, nzito, ya mlazo na nzito ya mlazo. Chukua Charis au Gentium za shirika la SIL, zote zina leseni ya OFL, leseni huria ya fonti. Mimi napendekeza Charis. Imetokana na Charter, ambayo Matthew Carter aliitoa mwaka 1987 kwa ajili ya printa za nukta 300 kwa inchi, na hapo ndipo zilipo skrini nyingi za wino wa kielektroniki leo. Ukiipenda zaidi Gentium, chukua Gentium Book, imeshaongezwa unene kidogo.

Angalia pia Ŋ kubwa, U+014A. Kwa Kiganda na Kiacholi tunataka umbo la n ndogo iliyokuzwa, wala si N yenye mkia. Charis inayo maumbo yote, lakini kisomaji hakikupi nafasi ya kuchagua. Lichague kwenye ukurasa wa TypeTuner wa SIL kabla ya kazi nyingine, upakue fonti ambayo umbo hilo limeshakuwa la kawaida.

Sasa fungua FontForge, programu huria ya kuhariri fonti. Kwanza jina. Charis imehifadhi majina "Charis" na "SIL", kwa hiyo toleo lako ukilisambaza haliruhusiwi kubeba hata moja kati ya hayo. Leseni inabaki OFL ileile, faili lake liambatane na fonti, na fonti haiuzwi peke yake. Hata kama ni ya matumizi yako tu, badilisha jina, vinginevyo kifaa kitachanganya ya zamani na mpya. Nenda Element, Font Info, ulibadilishe kwenye "PS Names" na vilevile kwenye "TTF Names", kwa mafaili yote manne.

Unene ndio kiini. Wino wa kielektroniki una vivuli 16 tu vya kijivu, na mstari usiojaza pikseli nzima huchorwa kwa kijivu. Kwenye skrini ya pikseli 300 kwa inchi, maandishi ya pointi 10 yana pikseli kama 42 kwa em, yaani kimo cha mraba ambamo herufi huchorwa. Em ya Charis ni vipimo 2048, kwa hiyo pikseli moja ni takriban 49. Kuongeza unene wa vipimo 16 hadi 20 kunatosha. Kwenye vifaa vya zamani vya pikseli 167, pikseli moja ni kama 88, basi nenda 28 hadi 32. Ukipita 40, tumbo la e na a linaziba, na ŋŋ ya eŋŋoma inashikana. Faili nzito liongeze nusu ya hapo au liache lilivyo.

Njia ni kuchagua herufi zote, kisha Element, Style, Change Weight. Kwenye "Counters", yaani matundu ya ndani ya herufi, chagua "Squish" ili upana wa herufi usibadilike. Hapa sikubaliani na wanaopanua kila herufi. Maneno yetu ni marefu, na neno kama *wanaotutembelea* kwenye skrini ya inchi 6 tayari linaacha mapengo mstari ukinyooshwa pande zote. Kama lazima uongeze nafasi, usiguse alama ya ritifaa, yaani U+2019 na U+0027. Ukiipanua, ng'ombe inakatika vipande viwili, na n'omwana vivyo hivyo.

Ukimaliza, pitisha "Remove Overlap", "Add Extrema" na "Round To Int", kisha futa maelekezo ya zamani ya TrueType, yale yanayopanga mistari ya herufi kwenye pikseli. Hayo yaliandikwa kwa mistari ya awali, ukiyaacha herufi zinapinda. Kwa pikseli 300 huhitaji mapya. Kwa 167, tumia ttfautohint, programu inayoyatengeneza yenyewe.

Charis huacha nafasi kubwa kati ya mistari kwa sababu ya alama zinazopandana juu ya herufi, ambazo sisi hatuzihitaji. Kwenye Font Info, OS/2, Metrics, ondoa alama ya "Offset", halafu weka 1900 juu na 560 chini kwa Win, Typo na HHead (kwa Typo na HHead ya chini iandikwe -560), sawa kwa mafaili yote. Chini ya 560 usiende haraka, mkia wa ŋ utakatwa.

Yape mafaili majina ya mtindo wa Jina-Regular.ttf, Jina-Bold.ttf, Jina-Italic.ttf na Jina-BoldItalic.ttf. Kwenye Kobo tengeneza folda iitwayo fonts, nje ya folda nyingine zote. Kwenye Kindle ipo tayari tangu programu ya mwaka 2018. Nzito ikionekana ya kughushi, rudi kwenye OS/2: uzito uwe 700 na mtindo usomeke Bold. Na unapoleta toleo jipya, futa la zamani kwanza, zima na uwashe kifaa, ndipo unakili, la sivyo utaendelea kuona herufi zile zile ukidhani hujarekebisha kitu.