Nilikata mathenge, ukarudi kichaka

SWALI: Mzee, hujambo? Mwaka jana niliwalipa vijana wakate mathenge yote, ile miti ya miiba, nyuma ya boma langu, hapa Marigat. Mvua iliponyesha, kila kisiki kikachipuka upya, na sasa hata mbuzi hawapenyi. Jirani anasema niwaachie wachoma makaa. Na je, niwazuie mbuzi kula maganda yake ya mbegu? Kiangazi hawana kingine.
Mama Mbuzi, Baringo

JIBU: Mama, kwanza niungame: miche hiyo nami niliipanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa kibarua kwenye kitalu cha mradi wa kuni. Tuliambiwa mti huu wa kutoka Amerika utazuia vumbi na kuwapa akina mama kuni. Yote mawili ukayatimiza, ila haukukomea hapo.

Vijana wako walikata juu. Mathenge huchipuka kutoka shingo ya mzizi, chini kidogo ya udongo, kwa hiyo panga la usawa wa goti limeupogoa tu. Chukua jembe na sururu, ukate mzizi shubiri moja chini ya ardhi. Anza na visiki vya karibu na zizi; ukivamia ekari nzima miiba itakushinda (hutoboa tairi, sembuse kandambili). Mvua ikija, ng'oa miche kwa mkono ingali michanga, na papo hapo upande nyasi.

Wachoma makaa wakaribishe, ila kwa sharti: anayekata ang'oe. Wengi hubeba mashina manene na kukuachia visiki.

Maganda ni matamu, na utamu huo ndio unaomaliza meno. Mwaka 2006 wenzetu wa Baringo waliishtaki serikali kwa kuuleta mti huu, wakampeleka mbuzi kibogoyo hadi Mahakama Kuu, Nairobi, awe ushahidi. Cheka ukitaka, mbuzi asiyetafuna hufa njaa akiwa na majani mdomoni. Tena mbegu nyingi hazisagiki tumboni. Hutoka na samadi zikiwa tayari kuota, popote mbuzi anapolala.

Basi wasijiokotee. Okota wewe, anika mpaka ganda livunjike likilia, maana likiwa na unyevu hunata na kuziba mashine. Saga mpaka mbegu zenyewe zipasuke, uwape kidogo, ukichanganya na malisho mengine.

Na samadi ya zizi lako, msimu huu usimpe mtu.