Dokta, mwili umeanza kunigomea

SWALI: Habari dokta, nina miaka 52. Ni kama mwaka sasa uume hausimami vizuri, saa nyingine unaanza halafu katikati unalala, na hata asubuhi siamki nao kama zamani. Rafiki kanipa vidonge vya kuongeza nguvu, vinasaidia ila kichwa kinagonga sana. Mke wangu hedhi imeshakata, siku hizi nikimgusa anasema anaumia, nawaza labda kanichoka. Presha ninayo na dawa natumia. Hospitali naona aibu, nifanyeje?

JIBU: Kaka yangu, hivyo vidonge vya rafiki weka pembeni leo. Sildenafil (ndo Viagra) na wenzake ni dawa halali, zinatumika tangu 1998, lakini zinatanua mishipa na kushusha presha, na mtu anayetumia dawa za moyo zenye naitreti (zile za maumivu ya kifua) akizichanganya presha inaweza kuporomoka mpaka akapoteza maisha. Wewe tayari uko kwenye dawa za presha, sasa nani kakupangia dozi? Daktari akishakupima anaweza kukuandikia hizo hizo, ila akijua anachofanya.

Halafu kuna hili la asubuhi. Mtu mwenye mawazo tu, mara nyingi asubuhi mambo bado yanakuwa sawa, kwahiyo kwako nahisi shida iko kwenye mishipa ya damu. Mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 mpaka 2 hivi, ile ya moyo 3 mpaka 4, ndo maana mafuta yakianza kuziba uume unalalamika kwanza na moyo unaweza kufuata miaka michache baadae. Yaani mwili umekuwahi kukuambia, na mimi naomba sana usiunyamazishe kwa vidonge vya mfukoni. Nenda kapime presha, sukari, mafuta ya kwenye damu, na homoni ya testosteroni (hii unapima asubuhi). Kama unavuta sigara acha. Zipo pia dawa za presha ambazo zenyewe zinapunguza nguvu za kiume, usiache kumeza, mwambie daktari akubadilishie. Aibu naielewa kabisa lakini huko kliniki hilo swali lako wanalisikia kila siku.

Kuhusu mama watoto, hajakuchoka. Hedhi ikikoma homoni ya estrojeni inashuka, ngozi ya uke inakuwa nyembamba na kavu, anaumia kweli, na tofauti na yale majoto ya mwili hii haiishi yenyewe ukisubiri. Anzeni na kilainishi cha maji, na daktari anaweza kumpa krimu ya estrojeni ya kupaka ndani, inasaidia wengi. Akitokwa damu hata kidogo wakati hedhi ilishakata aende haraka, asisubiri. Na wewe mwambie yanayokupata, maana mwanaume anayeogopa uume utalala katikati huwa anaharakisha, mwenzake hajawa tayari, maumivu yanazidi, kila mmoja anabaki anamhisi mwenzie vibaya.

SWALI: Dokta mimi mwanamke wa miaka 56, mjane, nimepata mwenzangu. Anasema kwa umri huu kondomu ya nini, mimba haipo. Ni sawa?

JIBU: Hapana dada. Mimba sawa, kama hedhi ilishakoma mwaka mzima, ila kaswende, kisonono na virusi vya Ukimwi havina umri, na hiyo ngozi nyembamba niliyoisema hapo juu inachanika kirahisi. Klamidia mara nyingi haina dalili yoyote, mtu anakaa nayo na ni mzima kabisa machoni. Mpime wote wawili, mrudie kipimo cha VVU baada ya miezi 3, mpaka hapo kondomu iendelee. Msitumie mafuta ya kupaka kama kilainishi, yanaharibu kondomu za mpira. Na kama hujawahi kupima saratani ya mlango wa kizazi, omba upimwe siku hiyo hiyo.