Daktari wa Mifugo Anajibu: Mbwa asiyebweka kutoka ng'ambo ya ziwa

SWALI: Shikamoo Daktari. Shemeji yangu kavuka ziwa na boti kutoka Kalemie, Kongo, kaniletea mbwa mdogo mwekundu, mkia umejikunja. Tangu aje hajabweka. Jirani anasema karogwa. Kijana mmoja anasema ni basenji, mbwa adimu, na anataka kumnunua. Ni kweli? Na asiyebweka atalinda nini?
Msomaji, Kibirizi, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. La kurogwa liache. Basenji si bubu. Koo lake lina umbo tofauti, ndiyo maana habweki kama wenzake. Hunguruma, na akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka. Mfungie ndani peke yake uone kama majirani hawatakugongea mlango.

Mkia peke yake usikudanganye, mitaa ya Mwanga imejaa mbwa wa mikia ya kujikunja. Basenji dume ana sentimita kama 43 begani na kilo 11, jike hupungua kidogo. Masikio yamesimama, na akiyatega, paji la uso hujaa makunyanzi, utadhani anawaza ada ya shule. Miguu, kifua na ncha ya mkia ni vyeupe. Hujilamba kama paka, kwa hiyo hanuki sana. Kama ni jike, subiri: basenji hupata joto la kutaka dume mara moja kwa mwaka, mbwa wengi mara mbili. Mimi naamini hilo kuliko ukimya.

Asili yake ni misitu ya Kongo. Wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue alipo anapoisukuma nyama kwenye nyavu. Mwaka 1895 Waingereza walipeleka wawili kwao, wakaonyeshwa kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, kisha distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, ikawaua. Mfugaji Mwingereza, Bi Olivia Burn, alipowaonyesha wengine hapo hapo mwaka 1937, watu walijazana kuwatazama.

Shida ni kwamba mbwa wa Ulaya na Marekani walitokana na wazazi wachache mno, wakawa wanazaliana ndugu kwa ndugu, na ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukawasumbua. Ndiyo maana mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani walirudi Kongo, wakati ule Zaire, kutafuta damu mpya vijijini. Kwa hiyo huyo kijana huenda anajua anachokitaka. Usimuuze kwa bei ya kutupa.

Ila kabla ya bei, chanjo: kichaa cha mbwa na distempa, wiki hii. Mbwa aliyevuka mpaka bila cheti cha chanjo simwamini hata kidogo, na shemeji mwambie hivyo hivyo.

Kuhusu ulinzi, mbwa huyo atamwona mwizi kabla yako, lakini usitegemee akuamshe. Tafuta kufuli zuri. Na kuku wafungie, maana huyo ni mwindaji.