Unyayo Bapa si Unyayo Dhaifu

Kwa miaka mitatu nilivaa soli ngumu za kunyanyulia unyayo ndani ya viatu vyangu vya kufundishia, kwa sababu mhudumu mmoja wa afya alinitazama nikiwa nimesimama pekupeku, akaona nyayo zangu zimelala chini zote, akaniambia kwamba miguu yangu ni dhaifu. Nilimwamini. Maumivu ya jioni, baada ya vipindi vya kusimama na mwinuko wa kutoka stesheni ya Kigoma hadi Mwanga, yalipungua kwa wiki chache, kisha yakarudi.

Kilichonifumbua macho ni baraza la mjomba wangu, mvuvi wa Kibirizi. Alikuwa ametoka kunawa miguu, akapita kwenye saruji, nami nikapita nyuma yake. Alama zetu za maji zilifanana: kipande kimoja kipana toka kisiginoni hadi vidoleni, bila lile pengo la upande wa ndani ambalo wengi huwa nalo. Hata hivyo, nilipomwomba asimame kwa mguu mmoja, akigusa ukuta kwa ncha za vidole tu, na kuinua kisigino hadi juu kabisa, aliinua mara 25 huku akinisimulia bei ya dagaa. Mimi niliishia mara 7, na ile ya saba kifundo kilikuwa kikitetemeka na kulalia ndani.

Umbo la unyayo hutokana kwanza na mpangilio wa mifupa yake 26, pamoja na kano na utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi kwenye mashina ya vidole, na mengi ya hayo mtu huzaliwa nayo. Misuli ni jambo la pili: ipo ile midogo, iliyopangwa katika tabaka 4 ndani ya unyayo, na ile mirefu inayoshuka kutoka muundini. Picha za ultrasaundi zimeonyesha kwamba watu wazima wenye nyayo bapa, kwa wastani, huwa na msuli mwembamba zaidi wa kidole gumba upande wa ndani, ilhali ile mirefu ya kukunja vidole huwa minene zaidi, kana kwamba imebeba kazi ya mwenzake. Huo ni wastani wa kundi, wala hauwezi kuusemea mguu wako. Hata miongoni mwa wenye upinde ulioinuka unaosifiwa, yaani ule mwinuko wa upande wa ndani wa unyayo, wapo wasioweza kukandamiza karatasi kwa kidole gumba mwenzao akiivuta.

Kwa hiyo pima nguvu, kisha ijenge. Zoezi lililonifaa kuliko yote ni hili: keti kitini, unyayo wote ukiwa sakafuni, uvute shina la kidole gumba kuelekea kisigino bila kukunja vidole. Upinde utapanda kidogo, nawe utausikia msuli wa ndani ukikaza. Shikilia kwa sekunde 5, legeza, rudia mara 10. Siku za mwanzo vidole vyangu vilijikunja kama vinavyookota kitu, na hakuna kilichopanda. Zilipita kama wiki mbili ndipo mguu ukaelewa.

Viatu navyo vina sehemu yake. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool walieleza kwamba watu waliovaa viatu vyepesi vya soli nyembamba kila siku kwa miezi 6 waliongeza nguvu ya miguu kwa wastani wa asilimia 57 hivi. Mimi nilianza kwa dakika kumi tu, pekupeku kwenye mchanga safi wa ufukweni. Mwenye kisukari asijaribu hilo, maana ganzi huficha jeraha, na penye uchafu kuna funza na minyoo ya safura.

Baada ya miezi minane mguu wangu wa kulia unainua kisigino mara 21, wa kushoto 18, na alama yangu ya maji barazani ni ile ile. Lakini unyayo wa mtu mzima ukilala ghafla, hasa mmoja tu, huku upande wa ndani wa kifundo ukiuma na kuvimba, huenda kano inayoushikilia imechoka au kuchanika. Mtu huyo aende hospitali kabla ya zoezi lolote.